Somo, Nimekikata Kitabu Chako

Mpendwa somo yangu Mariamu,

Habari za Maskati, habari za binti yako na mtoto mchanga, habari za magoti yako? Sisi hapa Mombasa wazima, tena zaidi ya wazima. Nimeolewa, somo! Najua unajua. Vile vigelegele vyako ulivyotutumia kwenye simu tulivicheza mlangoni mwa kanisa mpaka padre mwenyewe akacheka. Lakini niache niseme tena kwa mkono wangu na kwa wino: nimeolewa na Kazungu. Mume wangu amekaa hapa mezani anajibandua gundi kavu vidoleni, na kila nikiandika "mume wangu" namtupia jicho nione kama kweli yupo. Yupo.

Ningependa barua hii iwe ya furaha tupu, maana furaha ndiyo iliyoijaza nyumba yetu hii ndogo ya Ganjoni mpaka nafungua madirisha ipungue. Lakini mara mbili umepiga simu nami nimekata, nikasingizia mtandao. Mtandao hauna kosa. Nilikuwa nakuogopa. Kile kitabu cha kijani ulichotuachia amana, ambacho hukuwahi kuruhusu kisu kikiguse, nimekikata. Si chote, ni mikunjo mitatu. Na ni mkono wangu, si wa Kazungu.

Usiitupe barua, nakusihi. Mwanao Salimu amekuletea pamoja nayo kifurushi kilichofungwa kwa leso. Kiweke mapajani na usikifungue mpaka nimalize kusema. Ulinifundisha mwenyewe kwamba kila kitu kizuri kina mahali pa kuanzia kusomwa.

Unakumbuka tulivyojuana? Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne mwaka uliotangulia, nafanya kazi kwenye duka la fotokopi karibu na shule. Ukaingia na buibui lako, umekumbatia kitu kilichozongwa leso kama mtoto aliyetoka kuogeshwa. "Nataka ukurasa mmoja tu," ukasema, ukakifunua. Kilikuwa kitabu cha makombe ya baharini, kila kombe limetiwa rangi kwa mkono, na ile ya waridi ndani ya kauri ilikuwa mbichi kana kwamba mchoraji ametoka kuosha brashi sasa hivi. Nikakitazama kitabu, nikaitazama mashine. Ili ukurasa utoke vizuri ingebidi nikilaze kifudifudi na kukikandamiza kwa kifuniko, na mgongo wake ungevunjika.

"Mama, siwezi," nikakwambia.

"Mashine imeharibika?"

"Mashine nzima. Kitakachoharibika ni kitabu."

Nikachukua karatasi na penseli, nikakaa saa yangu nzima ya chakula nikikunakilia maneno ya ukurasa ule kwa mkono, na kombe lenyewe nikalichora vibaya. Wewe ulisimama tu. Nilipomaliza ukauliza, "Jina lako nani?"

"Maria."

"Na mimi Mariamu. Basi sisi ni somo."

"Lakini mimi ni Mkristo, mama."

"Nimekuuliza jina, sikukuuliza dini. Jumamosi baada ya alasiri uje Kibokoni, uliza kwa Mariamu wa vitabu. Uje na mikono misafi."

Nilikuja na mikono misafi mpaka inawasha. Nikapanda ngazi zako nyembamba, na juu kule nikaliona kabati. Somo, mimi nilikulia katika nyumba ya mfanyakazi wa reli. Kitabu kwetu kilikuwa cha shule, kimevikwa gazeti, na mwisho wa muhula kinarudishwa. Sikujua kwamba mtu anaweza kukipenda kitabu kama anavyopenda uso. Ulifungua milango miwili ya kabati, harufu ya karafuu na kafuri ikatoka mbele kama mwenyeji anayekuja kupokea wageni, na nyuma yake migongo ya vitabu ikasimama: myekundu, ya buluu, mmoja una nyota, mmoja umeshonwa upya kwa uzi wa hariri. Nikanyoosha mkono nikavuta kimoja kwa juu. Ukanipiga kofi la kidole.

"Kitabu si mbuzi, hakivutwi shingo! Wasukume jirani zake nyuma, nacho kitajitokeza chenyewe."

Na Bwana Rajabu, yule fundi saa asiyekusanya kitabu kisichokuwa na ramani, akasema kutoka kitini, "Mwache, mwanamke wewe. Unamfanya mtoto wa watu aogope vitabu. Binti, hebu njoo hapa. Unapenda ramani?"

"Sijui, bwana."

"Hajui! Kitabu bila ramani ni habari za watu waliopotea."

"Na wewe na ramani zako zote," ukamwambia, "mwaka jana ulipotea Likoni."

Jioni ile ndiyo uliyonifundisha desturi ya kikaratasi. Hakuna kitabu kinachotoka kabatini mwako bila kikaratasi ndani ya jalada. Nje jina la anayepelekewa, ndani maneno machache ya kumwambia kwa nini umekiona kitabu hiki ukamwona yeye. Na asiyeandikiwa hafungui. "Kusoma kikaratasi cha mwenzio," ulisema, "ni kusikiliza mlangoni." Ukanambia desturi hii ilikuwa ya marehemu mumeo, Bwana Athmani, karani wa meli, ambaye alikuwa mzito wa kusema lakini mwepesi wa kuandika. Kila kitabu alichokuletea katika maisha yenu kilikuja na neno lake. Ulinionyesha nje tu ya vile vikaratasi vyake, umevifunga kwa utepe: "Kwa Mariamu," "Kwa Mariamu," "Kwa Mariamu," na ile M yake yenye mguu mrefu unaoburuta kama kanzu ya mtu mfupi.

Kikaratasi changu cha kwanza kutoka kwako bado ninacho. Ulikitia kwenye kile kile kitabu cha makombe: "Kwa Maria. Kitabu hiki usikisome, kitazame. Ukifika picha ya kumi na saba, vuta pumzi. Mimi nilisahau kuvuta."

Nilivuta, somo. Nilivuta mara mbili.

Sasa nije kwa mume wangu, maana Kazungu ananiuliza kama nimeshafika kwake, na nikimwambia bado anajifanya hajali. Yeye alikuwa akija kwako Jumapili, kwa kuwa Jumamosi hufanya kazi katika ghala la chai kule Mbaraki. Mimi Jumapili nilikuwa na kwaya. Kwa hiyo mwaka mzima tulipishana kama jua na mwezi, tukishika vitabu vile vile. Ulikuwa ukinisimulia tu kwamba kuna kijana wa Majengo anayeokota vitabu ofisi zikihama, vimechanika migongo, akaviponya kwa gundi ya unga wa ngano anayoipika mwenyewe kwenye sufuria ya mamake. Nilimdhania mzee.

Kisha siku moja kwenye kitabu cha ndege nikakuta kikaratasi kisicho na jina: "Kwa atakayefuata. Ukurasa wa arubaini una doa la chai. Mimi hufanya kazi kwenye ghala la chai, kwa hiyo nitashukiwa. Naapa nilikikuta nalo. K."

Nikauinamia ukurasa wa arubaini, nikaunusa. Nikaandika: "Kwa K. Nimelinusa doa. Ni kahawa. Umeachiwa huru."

Ulijua, somo. Usinambie hukujua. Kuanzia hapo kila kitabu ulichonipa kilikuwa kimetoka kwake, na kila ulichompa kilikuwa kimetoka kwangu. Tuliandikiana juu ya karatasi nene na karatasi nyembamba, juu ya herufi za dhahabu zinazobaki kidoleni, juu ya kama ni dhambi kuandika jina lako ndani ya kitabu. (Yeye alisema ni dhambi. Mimi nilisema ni upweke.) Mpaka ukachoka.

"Mimi si tarishi," ukanambia. "Kitabu huazimwa, binadamu huja akaonekana. Jumapili toroka kwaya. Jitie wanja, na usinijie na ile sketi ya kazini."

Nilitoroka kwaya. Mungu amenisamehe, maana angalia alichonipa! Kazungu alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti kama mtu anayengoja daktari, shati jeupe, mikono inanukia majani ya chai na unga. Sisi tulioandikiana kurasa na kurasa tukakaa mabubu mbele ya sahani yako ya kaimati. Bwana Rajabu, aliyedai amepita tu, alikuwa amevaa tai.

"Kijana," akamwambia, "unakusanya ramani?"

"La, bwana."

"Basi utampeleka wapi mtoto wa watu?"

Kazungu akafikiri, akanitazama kwa mara ya kwanza, akasema, "Atanipeleka yeye."

Ukaguna kwa sauti ya mtu aliyemaliza kazi yake, ukaenda jikoni kuleta kahawa tungu ambayo hakuna aliyeiomba.

Naandika haya nikicheka, na nayaandika pia kwa sababu sitaki kufika kwenye kitabu cha kijani. Lakini nimefika.

Kilikaa rafu ya juu, peke yake. Jalada la kitambaa cha kijani, juu yake tawi la asumini limepigwa kwa dhahabu, na kurasa zake hazijawahi kukatwa. Ulinieleza nilipouliza: zamani karatasi kubwa ilikunjwa mara kadhaa ikashonwa hivyo hivyo, na msomaji ndiye aliyetakiwa kuipasua mikunjo kwa kisu, akifungua njia huku akisoma. Mikunjo ya kitabu hiki ilifungwa ubavuni na chini, juu iko wazi, kila mmoja kama mfuko wa shati. Kando yake kilikaa kisu chembamba cha shaba ambacho hakijawahi kufanya kazi.

Ni Kazungu aliyeuliza kwa nini, Jumapili moja tukiwa tumeshachumbiana. Mimi nisingethubutu. Ukakishusha kitabu, ukakipangusa kwa upande wa leso yako.

"Hiki ndicho kitabu pekee alichonipa bila kikaratasi," ukasema.

Ukatueleza. Bwana Athmani alikuwa ameazima kitabu chako ulichokipenda, akampa afisa mmoja wa meli bila kukuuliza, na meli ikang'oa nanga na kitabu chako. Ukamnunia siku tisa. Siku ya kumi akarudi kutoka kazini na hiki cha kijani, akakiweka mezani, akaweka na kisu juu yake, akatoka kwenda kuswali. Ukafunua jalada la mbele. Hakuna kitu. Ukafunua la nyuma. Hakuna kitu.

"Nikasema, basi, hata neno moja amekosa kunipa? Asiyenipa neno, sikipasui kitabu chake. Tukapatana, ndiyo, tutafanya nini, watu wanaishi. Lakini sikumuuliza. Na yeye kila siku chache akiniuliza, 'Umekisoma kile?' Namwambia, 'Bado.' 'Haya,' anasema. Miaka mitano hivyo, bado, haya, bado, haya, mpaka Mungu akamchukua."

"Na baada ya hapo?" nikauliza.

"Mwanzo ilikuwa hasira, somo. Kisha ikawa heshima. Sasa hata sijui inaitwaje. Hakiguswi tu."

Kazungu alikuwa ameinamisha kichwa. Nami nilikuwa nikikitazama kile kisu.

Ulipoitwa Maskati binti yako ajifungue, wiki tatu kabla ya harusi yetu, uliligawa kabati. Ramani zote kwa Bwana Rajabu ili akome kuzililia. Sisi makombe na ndege. Na mlangoni, Salimu ameshabeba masanduku, ukarudi juu polepole na magoti yako ukashuka na cha kijani na kisu chake. "Hiki si zawadi, ni amana. Kikae kama kilivyo mpaka nirudi." Ukanibusu kipaji. Kwa ulivyonukia karafuu, nilijua nitalia harusini, na nililia.

Basi sikiliza nilivyoivunja amana yako.

Fungate ilikuwa imeisha. Jumapili, mvua, tumetoka kanisani, tumekula, tumekaa dirishani tumebanana kiti kimoja kama wajinga. Tukakishusha kitabu tukitazame tu. Tuligundua kwamba kurasa za nje ya mikunjo zinasomeka, na za ndani unaweza kuzichungulia kwa juu ukiupanua mfuko kwa vidole viwili, taratibu. Basi Kazungu akawa anasoma na mimi namulika kwa simu. Ni kitabu cha mimea ya manukato ya pwani, somo! Hukuwahi kutuambia, na sasa najua ni kwa sababu hukujua. Orodha yake ya mwanzo inataja vilua, mikadi, mrihani, kila kimoja na namna yake ya kupandwa, kuchumwa na kuvaliwa, kwa Kiswahili kizuri cha zamani kilichonifanya nitake kukaa wima. Tukafika kwenye asumini za bibi harusi. Kazungu akasoma, "Chuma tumba arubaini alasiri, kabla hazijafunguka, kisha..."

Ukurasa ukaisha.

"Kisha nini?" nikamuuliza.

Akachungulia mfukoni mwa mkunjo. "Giza."

"Kazungu, kisha nini?"

"Kisha amana ya watu," akasema, akanibusu, akaenda kupika chai.

Nilikuwa bibi harusi, somo. Wa siku nane. Kitabu kilikuwa kinaniambia mimi. Kisu kilikuwa pale. Sitajitetea zaidi ya hapo. Nilikiingiza kwenye mkunjo na kukivuta, na sauti ikatoka kama ya doti ya leso mpya inapopasuliwa katikati. Na unataka kujua kisha nini? "Kisha zilaze juu ya kitambaa kibichi, nawe ukalale." Ndiyo hivyo tu! Nimevunja heshima ya miaka yote hiyo nikaambiwa nikalale!

Ningeacha hapo. Lakini maji nilishayavulia nguo. Nikakata wa pili. Nikakata wa tatu, na kutoka ndani yake, katikati ya ukurasa wa kilua, kikaanguka kikaratasi.

Vuta pumzi, somo.

Chembamba, kimekunjwa mara nne, kimegeuka rangi ya chai kavu. Kilikuwa kimetumbukizwa kwa juu, ndani kabisa ya mkunjo, mahali ambapo asingekipata mtu yeyote isipokuwa msomaji mwenye kisu. Nje, ile M yenye mguu mrefu unaoburuta: "Kwa Mariamu, ukifika hapa."

Sikupiga kelele. Kazungu akaingia na vikombe viwili.

"Maria. Umefanya nini?"

"Nimekata."

"Naona umekata. Hicho nini?"

Nikamwonyesha. Akaweka vikombe sakafuni, hakutafuta meza. Akasoma nje yake, akasoma tena.

"Usikifungue," akasema.

"Sijakifungua."

"Kidole chako kiko wapi?"

Kidole gumba changu kilikuwa tayari kwenye mkunjo. Nakwambia kweli yote. Nilikitamani kuliko nilivyowahi kutamani ukurasa wowote, kwa sababu nilikuwa nimeolewa siku nane na nilitaka kujua mume mzito wa kusema humwambia nini mkewe siku ya kumi. Lakini hakikuwa na jina langu. Nikauondoa mkono. Kazungu akakishika kwa ncha za vidole, kama anavyoshika karatasi iliyoloa gundi, akakirudisha palepale tulipokikuta, akafunga kitabu. Chai ikapoa.

Hatukufungua, somo. Mimi sikufungua, yeye hakufungua, na Bwana Rajabu hakufungua, ingawa alikiomba kitabu "akipime unene." Tulipomsimulia aliivua ile miwani yake ya jicho moja ya kutengenezea saa, akaifuta muda mrefu sana. "Na mimi miaka yote," akasema, "nilikuwa nikisema kitabu kile hakina ramani."

Tangu siku hiyo nimekuwa nikikuwaza na kukukwepa. Nikiogopa hasira yako kwanza, halafu nikiogopa kitu kibaya zaidi, kwamba utalia na mimi sipo. Nikiwaza zile "bado" na "haya" zenu. Yeye akingoja useme umefika, wewe ukingoja neno lake, na neno liko rafuni juu ya vichwa vyenu mnapokula. Wala si kwamba hamkupendana. Mlikuwa watu wa vitabu vizuri, basi. Nani mwingine angepewa kitabu na kisu, akavihifadhi vyote viwili visiharibike?

Juzi mimi na Kazungu tulinuniana. Sababu ni upuuzi, alitumia sufuria yangu mpya kupikia gundi. Tulikaa kimya toka adhuhuri. Kila mmoja anafagia upande wake wa nyumba. Halafu nikakiona cha kijani pale juu, nikaenda nikasimama mbele yake nikamuuliza, "Unangoja niseme nini?" Akashangaa. "Nangoja useme sufuria imeharibika au haijaharibika," akasema. "Nisikose usingizi bure." Imeharibika, somo. Nimempa kabisa, ni ya gundi sasa. Nina furaha ambayo sijui niiweke wapi.

Na hii yote imetoka kabatini mwako. Watu huulizana walikutana wapi, wenzetu husema kazini, harusini, kwenye simu. Mimi husema tulipendekezwa. Ulituangalia kama unavyoangalia migongo ya vitabu, ukajua nani akae karibu na nani, na nani aepushwe na unyevu. Sijui nitalipaje, ila sasa naweza kuwa tarishi wako mara moja.

Basi kifungue kifurushi. Leso ni ile ile ya siku ya duka la fotokopi, uliisahau kwangu na nikaificha makusudi. Ndani ni kitabu chako, amana inarudi kwa mwenyewe. Kisu cha shaba Salimu amekitia kwenye sanduku kubwa, maana uwanja wa ndege hawaelewi mambo yetu. Mikunjo mitatu iko wazi, naiomba radhi mmoja mmoja. Iliyobaki ni yako. Jana nilichungulia mifuko mingine kwa tochi ya simu, na mle kwenye mrihani nimeona kitu cheupe. Kazungu anasema ni kivuli. Mimi nasema si kivuli. Hatukati tena.

Usikimbilie kilua, tafadhali. Hakuandika "tafuta hapa," aliandika "ukifika hapa." Kaa karibu na dirisha, mtoto akiwa amelala, na uanze ukurasa wa kwanza. Mwambie binti yako akusomee ukichoka, lakini ukurasa ule usome mwenyewe. Na usituambie kimeandikwa nini. (Bwana Rajabu anasema utuambie.) Niandikie neno moja tu, hata "nimefika" linatosha, nami nitajua na nitalia na mume wangu atanipikia chai.

Na kwa kuwa hakuna kitabu kinachotoka kabatini bila kikaratasi, nimekuandikia changu, cha kwanza mimi kukupendekezea wewe kitabu. Kiko ndani ya jalada la mbele, pale ulipotafuta siku ile ukakosa. Najua utakisoma sasa hivi, basi nakusomea mimi:

"Kwa Mariamu. Kitabu hiki usikitazame. Kisome."

Akupendaye na anayekuomba radhi,

Somo yako,
Maria, mke wa Kazungu (tazama nilivyoandika!)
Ganjoni